Job na kampo: Si kazi inaangusha makomredi, ni masaa

Kama uko kampo na una job, hii ngoma unaijua. Mathe anakwambia soma kwanza, pesa itakuja. Mwenye keja anakwambia kitu ingine kabisa kila tarehe tano. Halafu kuna yule beste mwenye alitoka shule akaomoka, kila siku anakuuliza digrii itakusaidia na nini. Kila mtu ana ushauri, lakini hakuna mtu anakaa chini akuchoree vile kazi inaingiana na marks zako na kichwa yako. Hiyo ndio rada ya leo.

Kwanza tuondoe stori moja njiani. Swali si kama mwanafunzi afanye kazi ama asifanye. Wengi hawana hiyo choice. Swali ni masaa mangapi, na ni masaa gani.

Kwa nini makomredi wanasaka

Modeli mpya ya kufadhili masomo ya vyuo ilianza 2023. Wanafunzi wakapangwa kwa bendi kulingana na uwezo wa familia. Kwa ule mpangilio wa bendi tano, familia ya bendi ya 5 ilitarajiwa kutoa asilimia 40 ya gharama ya kozi. Hata familia ya bendi ya 1, wale wenye hali ngumu zaidi, ilibakishiwa asilimia 5. Pesa ya kujikimu kutoka HELB ilipangwa kuwa 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya 1, ikishuka hadi 40,000 kwa bendi ya 5.

Chukua hiyo 40,000 uigawanye kwa miezi minane tu ya shule. Ni 5,000 kwa mwezi. Keja, unga, gesi, bandoo za kudownload noti, kuprint, na nauli kama unaishi mbali, zote zitoke hapo. Na hiyo ni kama pesa imeingia kwa wakati. Kila komredi anajua ile semesta inafika katikati na bado mnaulizana kwa grupu, "HELB imeingia kwa nani?"

Kwa hivyo ukiona msee anatoka lekcha mbio kwenda kufungua kibanda ya smokie, si ati hapendi shule. Mara nyingi hiyo smokie ndio inamweka shule.

Kazi pia ina uzuri wake

Tusijifanye job ni shetani. Ukiwa na doh kidogo, kuna stress zinaisha hapo hapo. Huwezi ukaelewa lekcha ya saa mbili asubuhi kama hujakula tangu jana. Huwezi ukasoma usiku ukiwaza mlango utapigwa kufuli. Kwa komredi wa hali hiyo, kazi kidogo inaweza kuinua marks kwa sababu inatuliza kichwa.

Pia unajifunza vitu lekchara hafundishi: kuongea na customer mwenye amekasirika, kuamka kwa wakati, kuhesabu stock, kuvumilia mdosi. Ukimaliza shule, mwenye amewahi kushika duka ya M-Pesa ama kufanya usajili wa laini ana kitu cha kusema kwa intavyu. Na kuna ile heshima ya kujinunulia viatu bila kupiga simu nyumbani. Hiyo pia ni afya ya akili.

Shida inaanza mahali kazi inaacha kuwa kidogo.

Hebu tuhesabu wiki yako

Wiki ina masaa 168. Hiyo ni yako, ni ya rais, ni ya kila mtu.

Toa usingizi wa masaa 7 kila siku: 49. Umebaki na 119.

Toa lekcha. Ukiwa na yuniti 6 za masaa 3, hiyo ni 18. Umebaki na 101.

Toa muda wa kujisomea, saa moja kwa kila saa ya lekcha, na hapo nimekuhurumia: 18 ingine. Umebaki na 83.

Toa kupika, kufua, kuoga, kutembea hadi kampo na kurudi, masaa 4 kwa siku: 28. Umebaki na 55.

Toa masaa 2 kwa siku ya kuishi kama binadamu, simu ya nyumbani, beste, mechi, kanisa ama msikiti: 14. Umebaki na 41.

Sasa leta job. Ukifanya masaa 20 kwa wiki, bado una 21 ya kupumua. Inatosha hata ukipata dharura.

Lakini tuseme umepata kazi ya shifti za masaa 8, siku sita. Hiyo ni 48. Weka masaa 2 ya mathree kwenda na kurudi, siku sita: 12. Jumla 60. Ulikuwa na 41. Uko na deni ya masaa 19, na hiyo deni lazima ilipwe na kitu.

Ukiitoa kwa usingizi, unabaki na masaa 30 ya kulala kwa wiki, yaani masaa manne na kitu kila usiku. Ukiitoa kwa masomo, muda wote wa kujisomea umeisha na bado unadaiwa saa moja ya lekcha. Hakuna mahali pengine ya kuitoa. Ndio maana msee wa kazi ya siku sita anaweza kuwa na akili kuliko darasa nzima na bado achukue sapu. Hesabu ilikuwa imemkataa tangu wiki ya kwanza.

Hata serikali za majuu zinajua hii hesabu

Uliza mtu mwenye ameenda kusoma ng'ambo. Uingereza, visa ya mwanafunzi wa digrii inakuruhusu masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Marekani, mwanafunzi wa visa ya F-1 anaruhusiwa masaa 20 ndani ya kampasi wakati shule imefunguliwa. Canada iliweka 24 mwishoni mwa 2024. Australia ni 48 kwa wiki mbili, yaani 24 kwa wiki.

Hizo sheria zina mambo ya uhamiaji ndani yake, sawa. Lakini angalia vile namba zote zimekaa karibu: 20 hadi 24. Na ripoti nyingi za wanafunzi wanaofanya kazi, hasa za Marekani, zinaonyesha picha hiyo hiyo. Masaa machache, hasa kazi ikiwa ndani ya chuo, hayaumizi marks sana. Ukipita masaa 15 hadi 20 kwa wiki, marks zinaanza kushuka na watu wanaanza kuacha shule katikati.

Hapa kwetu hakuna mtu anakuhesabia. Mdosi hajui una CAT Jumatano. Lekchara hajui umetoka shifti saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo hesabu ni yako pekee.

Masaa ya usiku ni bei tofauti

Masaa 20 ya jioni na masaa 20 ya usiku wa manane si kitu moja.

Ukisoma kitu mchana, ubongo unakipanga vizuri wakati umelala. Hapo ndio noti zinatoka kwa "nimeiona mahali" zinakuwa "naijua." Ukikosa usingizi unakaa kwa karatasi ya mtihani, unakumbuka hadi rangi ya kalamu uliyoandika nayo, lakini jibu halikuji.

Na si kukumbuka tu. Watafiti walipima watu wakiwa hawajalala. Ukikaa macho masaa 17 hivi, mwendo wa akili yako unakuwa kama wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwa damu. Ukigonga masaa 24, ni kama 0.10. Mtu wa 0.10 hapa Kenya angeshikwa na alcoblow. Wewe unaenda kufanya pepa ya Takwimu ukiwa hivyo, halafu unashangaa kwa nini umesoma swali mara tatu na halijaingia.

Kazi za onlaini ndio zimewapata wengi hapa. Ukisikia "fanya kazi ukiwa kejani" unadhani ni rahisi. Lakini kama mteja yuko New York, saa tatu yake ya asubuhi ni saa kumi au kumi na moja jioni ya Nairobi, kulingana na msimu. Siku yake ya kazi inaisha sisi tukiwa saa sita ama saa saba usiku. Kama yuko Los Angeles, inaisha saa tisa ama saa kumi usiku wetu. Umelala alfajiri, lekcha ni saa mbili. Hiyo ni kuishi kwa saa ya nchi mbili na mwili mmoja.

Halafu kuna wale wanaandikia wanafunzi wa majuu asainmenti. Hiyo kazi ina utani mchungu: unakesha ukiandikia mtu wa Texas insha ya uongozi, na insha yako mwenyewe ya uongozi umecopy dakika ya mwisho. Mteja akikataa kulipa, huna pa kushtaki, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kusaidia mtu kudanganya.

Vile marks zinaanguka, hatua kwa hatua

Mara nyingi hakuna siku moja ya balaa. Inakuja pole pole.

Kwanza unahepa lekcha ya asubuhi, hiyo moja tu. Kisha unakosa ile siku lekchara alitangaza CAT ya ghafla. Vyuo vingi vinaweka CAT kuwa asilimia 30 na mtihani 70, na pasi ni 40. Ukikosa CAT kabisa, unahitaji 40 juu ya 70 kwa mtihani pekee. Mwenzako mwenye alipata 20 kwa CAT anahitaji 20 tu. Mko kwa chumba kimoja mkiandika pepa moja, lakini wewe unapanda mlima.

Tatu, vyuo vingi vina sheria ya kuhudhuria. Usipofika kiwango, unaweza kunyimwa mtihani. Na ukikosa mtihani, kuomba mtihani maalum kunahitaji sababu yenye karatasi: hospitali, msiba. "Nilikuwa job" kawaida haihesabiki.

Nne, yuniti zinashikana. Ukianguka ya kwanza, huwezi kufanya ya pili. Na ile ya kwanza pengine haifundishwi tena hadi mwaka ujao. Hapo ndio yuniti moja inazaa mwaka mzima.

Bei ya huo mwaka ni ngapi? Tuseme shifti moja inakulipa 700 na keja yako ni 5,000 kwa mwezi. Mwaka mmoja wa ziada ni 60,000 ya keja pekee. Hizo ni shifti 86, bila kuhesabu chakula, ada ya kurudia, na mshahara wa mwaka mzima ambao ungekuwa umeanza kupata. Kwa hivyo ukiitwa shifti ya ziada usiku wa kuamkia mtihani, usiulize tu "ni 700?" Uliza kama hiyo 700 inaweza kukuletea bili ya 60,000.

Na kichwa je?

Shirika la Afya Duniani linaelezea kuchomeka na kazi kwa dalili tatu: umechoka hadi kupumzika hakusaidii, umeanza kuchukia ama kujitenga na kazi yenyewe, na unajiona hufanyi kitu ya maana. Mwanafunzi mwenye job anaweza kuchomeka pande mbili. Akiwa kazini anawaza asainmenti. Akiwa darasani anawaza target ya leo. Haridhiki mahali popote, na kila upande unamwona mzembe.

Ongeza upweke. Mbogi inaenda kuwatch mechi, wewe uko kaunta. Grupu ya kusoma inakutana saa mbili usiku, wewe ndio unaingia. Baada ya miezi, wanaacha hata kukualika. Hakuna mtu amekukosea, lakini umebaki solo.

Ongeza nyumbani. Wakishajua una kazi, simu zinabadilika. Karo ya mdogo wako, dawa ya shosho, harambee ya binamu. Hutaki kusema hapana, kwa sababu unajua walivyojinyima ili ufike hapo. Unatuma, unapiga Fuliza kula, mwezi unaanza ukiwa chini. Wengine wanaingia kubet wakidhani watarudisha haraka. Deni inakula usingizi, usingizi unakula marks, marks zinakula moyo.

Na kwa maboy kuna ile ya "kaa ngumu, wewe ni mwanaume." Kukaa ngumu hakujawahi lipa deni ya usingizi.

Angalia hizi dalili: umekuwa na huzuni ama hasira karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, vitu ulipenda havikusisimui, unalala sana ama hulali kabisa hata ukiwa off, unakunywa ndio usahau, moyo unaenda mbio ukiona simu ya mdosi ama ya nyumbani, unafikiria watu wangekuwa sawa bila wewe. Hiyo ya mwisho usingoje hata siku moja. Piga simu. Kenya Red Cross wako kwa 1199, na ni bure. Befrienders Kenya wako kwa 0722 178 177. Kampo pia, ofisi ya mlezi wa wanafunzi huwa na washauri, na kwa kawaida hawalipishwi. Kuingia hapo si kusema una wazimu. Ni kama kwenda kliniki na malaria.

Sasa ufanye nini na huwezi kuacha kazi?

Andika masaa yako. Wiki moja, kwa simu, kila saa. Wengi wanadhani wanafanya kazi masaa 25 kumbe ni 45 ukiweka barabara na kungojea wateja. Ukishaona namba, utajua kama shida ni wewe ama ni hesabu.

Tafuta kazi karibu na lekcha. Kazi ya 500 kwa geti ya kampo inaweza kushinda ya 800 tao, ukitoa nauli na masaa mawili ya jam. Vyuo vingine, kama Kenyatta University, vina mpango wa kuwapa wanafunzi wahitaji kazi ndani ya chuo. Nenda uulize ofisini mwanzo wa semesta, si wakati umekwama.

Mpe mdosi ratiba mapema. Siku ukipata tarehe za CAT na mitihani, mtumie. Mdosi anakasirika ukimshtukiza asubuhi, lakini wiki tatu kabla anaweza kukubadilishia na msee mwingine. Na jua haki yako: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba. Kuwa mwanafunzi hakuiondoi.

Beba kazi kulingana na semesta. Likizo ndefu, chapa masaa yote unaweza na uweke akiba. Wiki za mitihani, shuka. Pesa ya Mei hadi Agosti inaweza kukununulia Novemba ya kusoma.

Kama yuniti zimekulemea, uliza kama chuo chako kinaruhusu kupunguza idadi kwa semesta. Kupita nne ukiwa umelala ni afadhali kuliko kuanguka saba ukiwa umekesha.

Na kama kweli imefika mwisho, usipotee tu. Hapa ndio makomredi wengi wanachomeka. Anaacha kuja, anazima simu ya klasirep, anasema atarudi akipata pesa. Akirudi, jina halipo. Kuahirisha masomo rasmi ni tofauti: unaandika barua, idara inapitisha, nafasi yako inabaki, na rekodi haionyeshi kwamba ulianguka yuniti saba. Mwaka mmoja wa kufanya kazi kwa karatasi ni pumziko. Mwaka huo huo bila karatasi unaweza kukutoa shule kabisa.

Kitu ya mwisho, ongea na nyumbani ukiwa bado mzima. Waambie masaa unayofanya, si pesa tu unayopata. Wazazi wengi wanaona ile 3,000 imeingia kwa simu, hawaoni ililipwa na usiku ngapi. Wakijua, wengine watapunguza simu. Na hata wasipopunguza, angalau siku matokeo yatatoka hautakuwa unaficha vitu viwili kwa wakati mmoja.

Kwa hivyo leo usiku, kabla ukubali shifti ya wiki ijayo, toa simu uandike 168 juu kabisa. Anza kutoa. Ikifika kwa kazi na umeshaingia deni, si wewe mjinga na si wewe mvivu. Lakini sasa umejua, na bado ni wiki ya kupanga, haijafika ile ya sapu.